Mabao 21 katika mechi tisa: ni kosa la kocha au la mabeki?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa timu ya mpira huku Igombe, Ilemela, Mwanza. Msimu huu tumecheza mechi tisa, tumefunga mabao 17 lakini tumeruhusu 21. Kijiweni hakuna amani. Nusu ya wanachama wanasema kocha hajui kupanga ulinzi, anapenda kushambulia tu, aondoke. Nusu nyingine wanasema kocha hachezi, mabeki ndio wanaozubaa, hasa namba tano wetu, beki wa kati, maana mabao karibu yote yanaonekana kupita kwake. Namba tano na namba tatu ni wavuvi wa dagaa, hawafiki mazoezini kila siku. Jumapili tuna kikao na nimeagizwa niandae barua ya kumwondoa kocha. Ulinzi mbovu ni jukumu la nani hasa? Na tukichezesha mabeki watano itasaidia?"*

Marahaba, katibu. Pole na kijiwe. Naujua uzito wa kukaa katikati ya watu wanaoipenda timu moja na hawataki kusikilizana, halafu wote wakakugeukia wewe mwenye kalamu.

Nilivyokuelewa, una hofu mbili. Unaogopa kumwonea mtu: kumfukuza kocha kwa makosa ya mabeki, au kumwacha kijana wa namba tano atukanwe kila wiki kwa makosa ya kocha. Na unaogopa kwamba hata kocha akiondoka mabao yataendelea kuingia, nanyi mtakuwa mmebaki bila mwalimu katikati ya msimu. Hofu zote mbili ni za haki. Jibu langu nalitanguliza ili yaliyobaki uyasome umetulia. Namna timu inavyokaba ni jukumu la kocha, na hapo hana wa kumsukumia. Kosa la sekunde moja, mguu uliokosa mpira au kipa aliyeteleza, ni la mchezaji. Nani yuko mazoezini na nani yuko ziwani, hilo ni la uongozi, yaani wewe na wenzako. Idadi ya mabao 21 peke yake haikuonyeshi lipi kati ya hayo matatu ndilo linalowaumiza. Kwa hiyo barua ya Jumapili usiiandike kwanza.

Tuanze na huyo namba tano, kwa sababu ananiumiza moyo hata bila kumwona.

Anayelaumiwa ni yule wa mwisho kuonekana karibu na bao. Macho yetu ndivyo yalivyo: tunaufuata mpira, na mpira ukifika wavuni aliye jirani nao ni beki wa kati au kipa. Lakini kila bao lina sekunde nane, pengine kumi, kabla yake, na mara nyingi kosa liko mwanzoni mwa sekunde hizo, mita 40 kutoka langoni, kwa mtu ambaye hakuna anayemtazama.

Hili nililijifunza kwa kumkosea kijana. Nilikuwa na timu ya vijana, mazoezi tukifanyia Nyamagana. Namba nne wangu, beki wa kati, alikuwa mrefu, mkimya, mtiifu. Mechi tatu mfululizo mshambuliaji wa wapinzani alipita upande wake akafunga. Nikamweka benchi. Nikaingiza mwingine, na mechi mbili zilizofuata tukafungwa mabao yale yale, kwa njia ile ile. Wiki iliyofuata nilimwachia msaidizi benchi, nikaenda kusimama nyuma ya goli letu, vidole nimevishika kwenye nyavu. Ukiwa pembeni unauona mpira, ukiwa nyuma ya goli unayaona matundu. Dakika ya ishirini hivi nikaona. Namba nane wetu, kiungo, alipoteza mpira katikati, akasimama, mikono kiunoni. Aliyeuchukua akainua kichwa bila mtu wa kumgusa. Namba sita, kiungo anayekaa mbele ya mabeki, ikambidi atoke kwenda kumzuia. Alipotoka, katikati pakawa wazi, namba nne akaona hatari akasogea mbele kuziba. Mgongoni kwake ukabaki mlango wa kupita lori. Pasi moja, tukafungwa.

Beki alikuwa amefanya maamuzi matatu ndani ya sekunde mbili, na yote aliyafanya kwa sababu mtu mmoja mbele yake alisimama. Na yule namba nane alisimama kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia atunze pumzi zake kwa ajili ya kushambulia. Jioni hiyo nilienda hadi kwao Mabatini nikamwomba msamaha yule namba nne mbele ya mama yake. Alikubali, lakini ilichukua miezi kabla hajacheza tena bila kuangalia benchi kila akigusa mpira. Ndiyo maana nakusihi: kabla ya Jumapili, mtu yeyote anayemtaja namba tano kwa jina, mwombe aeleze bao moja tu lilianzia wapi. Akishindwa, anyamaze.

Sasa tuangalie ulinzi wenyewe unavyofanya kazi, maana watu wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakubaliana kikoje.

Uwanja wa kawaida una upana wa mita 68 hivi. Gawa kwa mabeki wanne: kila mmoja anabaki na mita 17. Hakuna binadamu anayeweza kulinda mita 17 peke yake. Kwa hiyo ulinzi mzuri haujaribu kuziba upana wote. Mabeki wanasogea kwa pamoja kuelekea upande wenye mpira, wanaacha nafasi ya mita nane hadi kumi kati ya mtu na mtu, na winga wa upande wa mbali wanamwacha huru kwa makusudi. Mpira ukipigwa kumfikia hukaa hewani muda wa kutosha kwa wao kuhama. Shabiki aliye jukwaani akimwona yule winga yuko peke yake hupiga kelele "kuna mtu huko!", na beki mchanga akisikia hutoka kumfuata. Hapo ndipo katikati panapasuka.

Mpango huo una masharti. Viungo wawe karibu mbele ya mabeki, mita 10 hadi 15, wasipoteane. Mabeki wahame kwa pamoja. Na sharti linalosahaulika kuliko yote: aliye na mpira asiachwe apumue. Mtu mwenye mpira akibanwa, kichwa kimeinama, hawezi kupiga pasi ndefu nzuri, basi mabeki wanaweza kupanda, yaani kusogea mbele, bila hofu. Akiwa huru, kichwa juu, hapana kupanda. Mabeki wote warudi nyuma mapema kabla hajapiga. Kanuni hiyo moja, ukiwafundisha wanne wakaifuata bila kukumbushwa, itawapunguzia mabao kuliko hotuba zote za chumba cha kubadilishia nguo. Na angalia inamgusa nani kwanza: namba tisa na namba kumi, washambuliaji, watu ambao kijiweni hakuna anayewahesabu kwenye ulinzi.

Kuotea nako kunaeleweka vibaya. Mshambuliaji anahesabiwa yuko kwenye nafasi ya kuotea ikiwa, mwenzake anapoucheza mpira, yeye yuko nusu ya uwanja ya wapinzani na yuko karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho kwa kawaida ni kipa, hivyo wa pili ni beki aliyebaki nyuma kuliko wenzake. Maana yake beki mmoja akichelewa kupanda hatua mbili tu, amewahalalisha washambuliaji wote, na wenzake watatu waliopanda vizuri wanaonekana wajinga. Hili wavuvi wenu watalielewa upesi kuliko mimi ninavyolieleza. Wavu ukiinuliwa upande mmoja na upande wa pili ukachelewa, dagaa wote wanamwagikia huko.

Na hapo nafika kwenye jambo ulilolitaja kwa sentensi moja na ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote katika barua yako.

Namba tano na namba tatu ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti tena, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu na kulala majumbani kwao. Wewe ni mtu wa Igombe, haya unayajua tangu utotoni, lakini sidhani kama umewahi kuyaweka kando ya ratiba ya ligi. Chukua kalenda leo. Andika tarehe za mechi zenu tisa, kisha kando ya kila tarehe andika kama lilikuwa giza au mwezi, na mabao mangapi mliruhusu. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu, kwa hiyo mechi tisa zitakuwa zimeangukia pande zote.

Nisingeshangaa ukikuta mabao mengi yamerundikana kwenye giza. Siku hizo mabeki wako wawili wanarudi mwaloni alfajiri, wanaanika au wanauza, wanalala wakati wenzao wako mazoezini saa kumi jioni. Siku ya mechi wanakuja kwa sababu wanaipenda timu. Wanacheza na mikono iliyovuta nyavu usiku kucha. Beki aliyechoka anaona hatari sawasawa na beki mzima, ila mguu unafika nusu sekunde baadaye. Halafu watu walio kahawani wanasema anazubaa.

Hata bila uchovu, ulinzi haufundishiki kwa mtu mmoja mmoja. Mshambuliaji anaweza kujifua peke yake ukutani na akaja Jumamosi akafunga. Beki wa kati hawezi. Kazi yake ni umbali kati yake na mwenzake, na umbali haufanyiwi mazoezi na mtu ambaye hayupo. Mkiwa na safu ya wanne ambayo hukutana pamoja mara tatu nne kwa mwezi, mnao watu wanne tu, safu bado hamna. Kama kocha analijua hilo na hajabadilisha kitu, hapo ana lawama. Kama alishaomba kwenu wachezaji wapatikane au wapewe nauli na hamkumjibu, lawama inahamia kwenye meza yenu, na itabidi useme hivyo Jumapili ingawa haitapendeza.

Mimi ningetengeneza jozi mbili za mabeki, ya mwezi na ya giza. Kipindi cha giza wacheze waliopo mazoezini, hata kama vipaji vyao ni vidogo, na wavuvi waingie wakiwa wamelala. Najua kijiwe kitapiga kelele siku ya kwanza namba tano atakapoanzia benchi. Iandikeni sababu mapema na mumweleze yeye mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuhusu kocha na mabeki, nani mwenye uzito zaidi, mpira wenyewe umetupa mifano ya pande zote, na ni vizuri uwe nayo siku ya kikao. Liverpool ya Jürgen Klopp iliruhusu mabao 42 katika ligi ya Uingereza msimu wa 2016/17. Januari 2018 wakamnunua beki Virgil van Dijk, katikati ya mwaka huo wakamleta kipa Alisson, na msimu wa 2018/19 wakaruhusu 22 tu. Kocha ni yule yule. Anayesema shida ni mabeki ana pa kushika hapo. Lakini Chelsea walimwondoa Frank Lampard Januari 2021, mechi 19 zikiwa zimechezwa na mabao 23 yameingia. Thomas Tuchel akawakuta wachezaji wale wale, hakusajiliwa hata mmoja, akapanga mabeki watatu wa kati, na katika mechi 19 zilizobaki wakaruhusu 13. Mwezi Mei wakachukua Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Na katika hayo 13, matano yaliingia siku moja, nyumbani kwao, kwa West Brom ambao msimu huo huo walishuka daraja, baada ya Thiago Silva kutolewa kwa kadi nyekundu. Ukiiondoa siku hiyo yanabaki manane katika mechi 18. Siku moja mbaya inaweza kuichafua hesabu ya timu nzuri, ndiyo maana nakuuliza: kati ya mabao yenu 21, mangapi yaliingia kwenye mechi moja au mbili?

Hapa nchini, tarehe 5 Novemba 2023, Simba walifungwa 5-1 na Yanga, na siku chache baadaye kocha Robertinho akaondoka. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1. Mabao manne yalikuja kipindi cha pili. Nilizunguka vijiwe vingi wiki ile, kila mahali mjadala ulikuwa nani aondoke, na sikupata hata mmoja uliojadili yale manne yalianzia wapi.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa hapa hapa. Mwaka 2017 Mbao FC ya hapa Mwanza, wakiwa kwenye msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, chini ya kocha Etienne Ndayiragije, waliwafunga Yanga 1-0 kwenye uwanja wa Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Wakaenda Dodoma kwenye fainali, wakawapeleka Simba hadi dakika 120 kabla ya kulala 2-1. Timu ile haikuwa na nyota. Ilikuwa na watu ambao walijua wasimame wapi mwenzao akiondoka. Siku ile ya Yanga sikuwa naangalia mpira, nilikuwa naangalia umbali kati ya viungo na mabeki wa Mbao, na haukupanuka. Hiyo ni kazi ya kocha, na haihitaji hela nyingi.

Kwa hiyo ndugu zako wanaosema "kocha hachezi" wanakosea. Kocha anacheza tangu Jumatatu. Na wanaosema "mabao yote ni ya kocha" nao wanakosea, maana hakuna mazoezi yanayomzuia kipa asiteleze kwenye tope. Wapo pia wanaosema kocha wenu anapenda kushambulia ndiyo sababu ulinzi umeoza. Kushambulia si dhambi. Swali ni wanaobaki nyuma timu inaposhambulia wamesimama wapi. Namba mbili na namba tatu, mabeki wa pembeni, wakipanda wote wawili, lazima namba sita awe amekaa mbele ya mabeki wa kati, hajaenda kushangaa krosi. Timu inaweza kupeleka watu sita mbele na ikawa salama, na nyingine ikapeleka watatu ikafungwa.

Mabeki watano? Kwa sasa hapana. Mabeki watano husaidia timu inayoumizwa pembeni kwa krosi, na yenye namba mbili na namba tatu wenye mapafu ya kupanda na kushuka dakika 90. Nyinyi hamjajua bado mnaumizwa wapi. Ukiongeza beki wa tano unamtoa mtu wa mbele, yaani unapunguza wanaombana mwenye mpira, na unaongeza idadi ya wanaotakiwa kuhama kwa pamoja wakati hata wanne hamjaweza kuwakutanisha mazoezini. Mtapata watazamaji watano badala ya wanne.

Sasa kazi ya kufanya kabla ya kikao. Tafuta daftari, mkae na kipa wenu. Anza na kipa, usianze na kocha wala na mashabiki. Kipa ndiye mtu pekee uwanjani anayeiona timu nzima kwa mbele yake, na wengi hawajawahi kuulizwa. Vijana wanaorekodi kwa simu nao waombe walete walichonacho. Kwa kila bao andikeni mpira ulipotelea wapi, aliyepiga pasi ya mwisho alikuwa na mtu ndani ya hatua mbili au alikuwa huru, ilikuwa dakika ya ngapi, na kama ulitokana na kona au faulo. Mabao 21 hamtayakumbuka yote, kumi na tano yanatosha.

Kisha soma daftari lako. Mabao mengi yakiwa ya kona na faulo, mwulize kocha, kwa sababu mipira iliyokufa ndiyo sehemu ya mchezo anayoweza kuipanga kama fundi anavyopanga matofali. Kila mtu awe na mtu wake au eneo lake na ajue kabla ya mechi. Yakiwa ya pasi ndefu kutoka kwa mtu asiyebanwa, ni la kocha na washambuliaji wake. Yakiwa ya baada ya dakika ya 70, tazameni pumzi, chakula na usingizi. Yakiwa ni makosa ya watu tofauti, kila mmoja la kwake, siku tofauti, hayo ni ya wachezaji, na dawa yake ni subira na mazoezi ya mguu. Lakini mchezaji mmoja akirudia kosa lile lile mara nne, msikimbilie kusema ni la kwake peke yake. Pengine ameagizwa afanye kitu ambacho uwanja wenu hauruhusu, kama kuanzisha mpira kwa pasi fupi mbele ya goli kwenye kipara chenye mawe.

Baada ya hapo mtembelee kocha, wewe peke yako, nyumbani au pembeni ya uwanja, sio kijiweni. Mwulize kwa heshima: tukipoteza mpira, mtu wa kwanza afanye nini? Namba mbili na tatu wakiwa wamepanda, nani anabaki? Kwenye kona nani anamkaba nani? Mchukulie muda, asijione yuko mahakamani. Halafu waulize wachezaji watatu maswali hayo hayo, kila mmoja kwa wakati wake. Majibu yakifanana na ya kocha, mwalimu amefundisha, kinachobaki ni utekelezaji na mahudhurio. Kocha akijibu vizuri lakini wachezaji hawajui, basi mpango uko kichwani mwake na haujashuka uwanjani. Mwambieni hivyo wazi na mumpe mechi nne. Kocha mwenyewe akikosa jibu, au akianza kumtaja namba tano kabla hujamaliza kuuliza, barua yako imepata msingi. Iandike basi, kwa adabu, na mjue mnachokinunua: kocha mpya huleta nguvu kwa mechi mbili tatu, lakini ulinzi atauanza upya kuanzia hatua ya kwanza, na wavuvi watakuwa bado wavuvi.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuwasaidia. Kama kikao kitashindwa kukubaliana, tafuteni mtu wa nje mwenye leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, aje atazame mazoezi mawili na mechi moja kisha azungumze na kocha na uongozi kwa pamoja. Pitieni chama cha mpira wa miguu cha wilaya, wanawajua walio karibu nanyi. Gharama yake ni nauli na samaki wa mchana. Na huyo namba tano, mwangalieni anapogeuka. Kama goti linamwachia, linavimba baada ya mechi, au ameacha kugeukia upande mmoja, hilo si suala la kikao wala la kukandwa kwa maji ya moto. Apelekwe hospitali, Sekou Toure au Bugando, apimwe, na asicheze hadi majibu yatoke. Nimeona beki akiitwa mvivu msimu mzima kumbe goti lilikuwa limeharibika.

Mwisho nakupa zoezi ambalo kocha wenu anaweza kulianza kesho kutwa. Nendeni Mwaloni Kirumba mkanunue kamba ya nyavu, ile laini. Mabeki wanne wasimame kwa mstari, kamba ipite kwa wote, kila mmoja aishike mkononi, msifunge kiunoni wala shingoni, mtu akianguka aiachie. Kati ya mtu na mtu iwe mita nane. Kocha atembee na mpira kutoka pembeni hadi pembeni, mbele na nyuma, nao wamfuate kwa mwendo wa kutembea, kamba isilegee hadi chini na isikazwe ikamvuta mwenzake. Akiuinamia mpira, wapande hatua tano. Akiinua kichwa, warudi hatua tano. Dakika kumi na tano, bila kukimbia, hata mvuvi aliyetoka ziwani alfajiri anaiweza. Siku ya tatu waondoe kamba waendelee vile vile, wewe simama nyuma ya goli uangalie nani anavunja mstari. Nafasi tatu za mita nane ni mita 24, lakini mikono inakula kamba, kwa hiyo mwambie muuzaji akukatie 30.